Kabla ya kutembeza wageni kijijini kwenu, tembezwa kwanza wewe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pemba aliniandikia. Kijiji chao kiko ukingoni mwa mto, kina magofu na wazee wenye habari zao, naye anataka kuanza kutembeza wageni kwa miguu. "Kaka, nianze wapi?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini usiku usingizi ulinipaa. Mimi mwenyewe ni mtembezaji wageni hapa Unguja, na swali lake lilinirudisha kijiji cha Bububu, mbele ya baraza moja, nikiwa na wageni sita nyuma yangu.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yake, kwa hiyo nitasema yote.

Njia yangu ya kutembeza wageni inaanzia mahali paitwapo Mtoni, kaskazini ya mji. Mto wenyewe unateremka pale na kumwaga maji baharini, na ubavuni mwake Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alijenga kasri. Leo zimebaki kuta na hamamu, yaani vyumba vya kuogea, zenye makuba. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa hapo mwaka 1844. Nikifika na wageni huwaambia waweke kiganja ukutani, pale chokaa ilipobanduka. Jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo kama nyota, maana jiwe hilo liliwahi kuwa kiumbe cha baharini. Watu hunyamaza wenyewe. Kutoka hapo tunashika njia ya kaskazini mpaka Bububu, kwenye chemchemi.

Nilipoanza nilikuwa na leseni, viatu vizuri na Kijerumani cha kutosha. Habari za mahali sikuwa nazo. Nilikuwa nikiokota za watembezaji wenzangu, na niliyoipenda kuliko zote ni ile ya jina la Bububu: kwamba limetokana na gari la moshi lililoanza mwaka 1905, reli ya maili 7 kutoka mjini, lililokuwa likipita likilia bu-bu-bu. Wageni hucheka, hupiga picha. Nimeisema miaka miwili.

Siku hiyo nilisimama mbele ya nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha barazani. Nikatoa hadithi yangu, na mlio nikauigiza. Bibi hakuinua hata uso. "Mwanangu, gari la moshi limekuja limeikuta Bububu ipo. Bi Salme kakaa hapa, reli haijafikiriwa."

Mgeni mmoja akaniuliza bibi amesema nini. Nikamfasiria, kwa sababu uongo wa pili ulinishinda. Akafungua begi, akatoa kitabu cha kumbukumbu za Salme, kile kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886, akaanza kupekua. Jina la Bububu limo. Salme alikuwa na nyumba hapo kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, takriban miaka 40 kabla ya reli. Nilihisi masikio yanawaka. Njia yote ya kurudi hakuna aliyeniuliza swali tena.

Wageni wale waliniandikia vibaya, na kampuni niliyokuwa nikifanya nayo kazi ikaacha kunipa wageni. Hakuna aliyenipigia simu. Nilijua siku nilipomkuta mwenzangu Mtoni, anaongoza kundi kwenye njia niliyoitengeneza mimi, mpaka kwenye kituo cha madafu nilichokichagua mimi, na hadithi ya bu-bu-bu anayo. Hilo linaniuma mpaka leo, sitalificha.

Nilirudi kwa yule bibi na kilo mbili za sukari. Nikamwomba radhi, nikamwambia, "Bibi, nitembeze." Alinichukua mpaka penye maji, akanikalisha. "Nyamaza, usikie." Maji yanatoka ardhini yakibubujika, na mlio wake ndio huohuo niliokuwa nikiuigiza kwa gari la moshi. Wazee wa pale husema jina limetoka hapo. Alinionyesha pia walipokuwa wakifulia alipokuwa kigoli na walipokuwa wakichotea, maana pa kufulia na pa kuchotea hapakuwa pamoja. Nilikwenda kwake Ijumaa baada ya Ijumaa, miezi mitano, sina mgeni hata mmoja.

Mwezi huu wamekuja walimu 14 wa skuli. Niliwahadithia Mtoni habari za Salme, jinsi wasichana walivyofundishwa kusoma lakini si kuandika, naye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwalimu mmoja alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Walipofika Bububu niliwakalisha kimya penye chemchemi, kama nilivyokalishwa. Nimerudi nyumbani nimenyooka, nasema kweli.

Vijana wenzangu, acheni kuokota hadithi njiani. Kijiji si chako peke yako, na jina la mahali ni amana ya waliokuwapo kabla yako. Ukimdanganya mgeni umemdanganya pia mtoto wa hapo anayekusikiliza nyuma ya mlango, na yeye ndiye atakayebaki nayo. Tunalalamika kila siku kuwa wageni wanaandika historia yetu, na sisi wenyewe tunawauzia uongo. Kaeni na wazee. Nenda kwa mzee wa kwanza, nenda kwa wa pili, wakipishana sema wamepishana.

Mengine ni madogo. Mpe sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, taarifa mapema. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Kama njia yako inapita ufukweni, jua maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida; mimi nimewahi kuwavusha watu mabegi kichwani. Na kijiji kipate sehemu yake ya pesa, siku hiyohiyo, mkononi. Bibi wangu hapokei pesa, anapokea sukari na majani ya chai.

Basi wewe kijana wa Pemba, bango lisubiri. Nenda kwa mzee mmoja baada ya swala ya alasiri, usiende na simu mkononi, umwombe akupeleke mtoni alikokuwa akioga utotoni. Ukivuka kuja Unguja, nitafute siku ambayo maji yanakupwa alasiri. Tutaanza Mtoni saa kumi, na Bububu nitakupeleka kwa bibi mwenyewe.