Jeshi linahamia kisiwani, forodha ya raia inahusikaje?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni wakala wa forodha hapa Moshi, mizigo yangu mingi inapita Holili. Nasikia kisiwa cha Guam kule Pasifiki ilibidi waandae bandari na watu wa forodha sababu Marekani inaongeza wanajeshi pale. Sasa jeshi si lina meli zake na bandari yake, forodha ya raia inaingiaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bandari yake jeshi linayo kweli, iko humohumo kwenye ghuba ya Apra, ila kambi wanajenga wakandarasi, na mkandarasi anataka saruji, nondo, magreda, halafu chakula na vitanda vya vibarua wake, na vyote hivyo vinashukia bandari ileile ya biashara inayoleta mchele na maziwa ya watoto wa pale. Wewe Holili ikijaa malori unazungukia Namanga. Wao hawana pa kuzungukia, bandari ikikwama kisiwa kizima kimekwama.

Cheki miaka ilivyoenda. 2006 Marekani na Japani walikubaliana askari kama 8,000 wa Marines, kikosi cha majini cha Marekani, watoke kisiwa cha Okinawa kule Japani waende Guam, kisiwa chenye watu kama 150,000 tu. 2010 zikatoka dola milioni 50 fungu la ulinzi kwa ajili ya bandari ya kiraia, 2012 idadi ya askari ikashushwa kwenye kama 5,000, kambi yenyewe, Camp Blaz, ikaanzishwa rasmi 2020, na kundi la kwanza la watu kama 100 limehamia Desemba 2024. Yani mzigo umetangulia miaka na miaka kabla askari hajatua begi lake.

Sasa forodha, na hapa ndo penyewe. Guam ni bandari huru, iko nje ya eneo la forodha la Marekani japo ni milki yao tangu 1898, kwa hiyo ofisa wa pale hashindi anapiga hesabu za ushuru kama hawa unaobishana nao wewe. Kazi yake kubwa ni madawa ya kulevya na karantini, ofisi moja inafanya yote, kama vile uchukue TRA na wale wa afya ya mimea wa Ngaramtoni uwaweke dirisha moja.

Na wana sababu ya kuogopa. Baada ya vita kuu ya pili aliingia nyoka wa kahawia wa mitini, inaaminika kajificha kwenye shehena ya jeshi, akala ndege mpaka aina 10 kati ya 12 za msituni zikatoweka. Inaniuma kila nikiisoma hii. Mpaka leo anapanda nguzo za umeme, shoti inapiga, giza. Ili asisafiri kwenda visiwa vingine, mizigo inayotoka Guam inanuswa na mbwa wadogo aina ya Jack Russell, kontena kwa kontena, na kwenye fensi wametega mitego yenye panya hai ndani. 2007 tena akaonekana mende mwenye pembe anayetoboa minazi.

Sasa ongeza makontena ya ujenzi, magari na vyombo vya familia za askari, alafu idadi ya wakaguzi ibaki ileile. Unadhani nani atainama na tochi chini ya kila greda kuangalia udongo ulioganda kwenye minyororo? Kwetu kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na Dar bado wanahangaika naye. We lori likisimama Holili mruhusu ofisa afungue turubai lote, hata kama mteja anapiga simu.