Mshairi wa Nairobi anakula nini, kusema ukweli

Kuna mdau ameuliza eti washairi wa Nairobi tunaishije, na kama ni kweli kazi yetu ni kuzunguka tu na kupigiwa makofi. Mimi naandika tarbia, yale mashairi ya mistari minne kila ubeti, huu mwaka wa 9, nakaa bedsita Umoja, wacha nikujibu nikiwa na harufu ya vitunguu mikononi.

Makofi hayalipi kodi. Yangu inalipwa na tuisheni, watoto wa kidato cha nne wanaogopa swali la ushairi kwa karatasi ya tatu kuliko wanavyoogopa hesabu, na pia mashairi ya harusi. Mtu anataka beti 6 zenye jina la bibi harusi na la mama mkwe, anatuma M-Pesa kesho yake, imeisha. Wale wa tamasha sasa ndio wanakuandikia barua tamu halafu mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, nauli tutakurudishia.

Mwaka jana nikaitwa Mombasa hivyo hivyo. Nikatoa 1,500 zangu za treni ya SGR, nikafika stesheni ya Syokimau mapema maana ule ukaguzi si mchezo, mnapanga mabegi chini kwa mstari mbwa wanapita wakinusa, na langu lilikuwa na daftari mbili na chapati 4 kwa karatasi (huyo mbwa alisimama hapo kidogo, sidanganyi). Ukishuka Miritini bado unatafuta matatu ya mjini. Nikasoma. Sasa, Nairobi ukisoma kwa hisia watu wanakupigia vidole hata kama vina vyako, zile silabi zinazofanana, vimelala, lakini Mombasa kuna wazee wanakuja kusikiliza vina tu. Ubeti wa tatu mzee mmoja wa kofia akaniita, "Mwanangu, kina kimeanguka hapo." Kilikuwa kimeanguka kweli, nilikuwa nimetia -mi mahali pa -ni. Nikarekebisha papo hapo watu wakicheka, na hiyo ndiyo shule pekee nimewahi kupata ya bure.

Lakini kutunga natungia jikoni. Jumapili napika maharagwe ya nazi, nina mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu nyanya yangu, majirani wakiiona wanadhani ni kiti cha mtoto kilichovunjika. Ukikuna nazi mkono unapata mwendo wake, unajikuta unahesabu mizani, yaani silabi, bila kutaka. Tui la kwanza lile zito naweka kando, jepesi la pili na la tatu ndilo nachemshia maharagwe, zito linaingia mwisho kabisa kwa moto mdogo na hapo unakoroga bila kuacha, la sivyo linakatika, mafuta yanabaki juu na maji chini.

Tangu nitoke Mombasa nilikuwa na kipande, yaani nusu ya mshororo, kimenikwama: Nauli hawajanitumia. Hesabu mwenyewe, ni mizani 10, na mimi kila kipande nakitaka 8. Nimekuna nazi mbili nzima nikikizungusha, hakitaki. Ndio niko kwa tui zito, meko iko chini kabisa, mwiko mkononi, kikaja chenyewe:

Nauli hawajatuma, simu nao hawashiki

Nane kwa nane! Nikaacha mwiko nikakimbilia daftari, nikaandika huo mshororo na mwingine wa pili, kurudi nikapata tui limekatika zamani. Tulikula hivyo hivyo na dadangu, yeye akasema sijui kama haya ni maharagwe ama ni mafuta ya nywele, na akaongeza sahani ya pili.

Shairi lilifika beti 7. Nauli iliingia siku ya 34, na kwa simu hiyo hiyo wakaniuliza kama nina kitu kipya cha kuwasomea mwaka huu. Nikawaambia ninacho.