Umeme haukatiki, lakini kompresa inaungua

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nauza samaki wa kugandisha hapa Kigamboni. Friza yangu imeshaunguza kompresa mara mbili. Fundi alipima kwenye soketi saa mbili usiku akakuta volti 196, akasema ni umeme mdogo. Nimekwenda ofisi ya umeme, wakaniambia mtaa wetu ni mzuri, umeme haukatiki ovyo. Nimwamini nani?
Mama Samaki, Kigamboni

JIBU: Marahaba, Mama Samaki. Inawezekana wote wawili wanasema kweli, ila wanaongelea mambo mawili tofauti.

Ofisi inahesabu kukatika. Mashirika ya umeme hutumia vipimo viwili: SAIFI, yaani kwa wastani mteja mmoja anakatikiwa mara ngapi kwa mwaka, na SAIDI, yaani jumla ya muda anaokaa gizani. Kwa mwongozo wa Marekani wa IEEE 1366, umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika tano, hauingii kabisa kwenye hesabu hizo mbili. Na ukishuka bila kukatika, ndiyo hauonekani kabisa. Mtaa unaweza kupata alama nzuri huku friza zinaungua nyumba hadi nyumba.

Volti zina kiwango chake. Umeme wetu wa fezi moja ni wa volti 230. Nitakupigia hesabu kwa kiwango cha Ulaya, EN 50160, ambacho wahandisi wa nchi nyingi hukitazama. Hicho hakiangalii namba ya dakika moja. Kinachukua wastani wa kila dakika kumi kwa wiki nzima, vipande 1,008. Asilimia 95 ya vipande hivyo lazima viwe kati ya volti 207 na 253. Vilivyobaki vinasamehewa, karibu 50, yaani saa nane na ushei kwa wiki, mradi visishuke chini ya 195.5.

Kwa hiyo 196 ya fundi wako, peke yake, imeponea chupuchupu! Lakini kama kwako umeme unakuwa chini ya 207 kila siku tangu saa moja hadi saa nne usiku, hizo ni saa 21 kwa wiki, vipande 126. Hapo kiwango kimevunjwa, hakuna mjadala.

Kabla hujarudi ofisini, mwite fundi apime tena usiku, safari hii kwenye mita na kwenye soketi, friza ikiwa inawaka. Shirika linawajibika mpaka kwenye mita. Akikuta 222 kwenye mita na 196 kwenye soketi, ugonjwa uko ndani: waya mwembamba, au kiungio kilicholegea mahali. Mita nayo ikisoma 196, andika barua uombe wakufungie kifaa cha kurekodi volti kwa siku saba. Taja neno "kurekodi", kwa sababu mtu akija na mita ya mkononi saa nne asubuhi atakuta 235 na kukuaga vizuri. Wakikupuuza, malalamiko yenye barua na tarehe yanapelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. (Kama una jirani anayechomelea mageti jioni, huenda ana mchango wake, lakini usimwendee kwa ugomvi kabla hujapima.)

Kuhusu kompresa: nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka haraka kuliko volti. Kwenye 196 inabaki kama asilimia 73. Mota inang'ang'ana, inavuta ampea nyingi, inachemka. Nunua friji gadi inayokata volti zikishuka mno na kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu hadi tano, ili presha ya gesi itulie kwanza. Stabilaiza nayo inapandisha volti, ila chagua yenye uwezo unaozidi ule wa friza mara kadhaa, maana wakati wa kuanza kompresa huvuta umeme mwingi sana. Ile ndogo ya televisheni usiifunge kwenye friza.