Usifute hiyo akaunti usiku huu

Mkuu, kamwene nitakuamkia baadaye. Umeuliza seva yenu ya gemu hapo Kihesa inahitaji RAM kiasi gani na wasimamizi wangapi, halafu katikati umechomeka kwamba kuna jamaa anamwandama binti mmoja kila akiingia, na usiku huu unamfuta "na kila alichofanya, yaishe". Toa mkono kwenye hiyo kibodi.

Nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa na kibanda cha kompyuta Mwanjelwa, Mbeya, na seva yetu wenyewe, yaani kompyuta inayoendesha gemu. Vijana wa Soweto, Uyole, hadi Tukuyu wanaingia, humo ndani ya gemu wanajenga nyumba, wanalima, wanauziana mazao. Jamaa mmoja akamganda binti wa chuo. Avata yake, yule mhusika anayemwendesha kwenye gemu, inamzibia mlango asitoke, anamporomoshea matusi ya nguoni kwenye maiki wote wakisikia. Asubuhi moja tukakuta amejenga kaburi mbele ya nyumba ya yule dada, jina lake limeandikwa juu.

Binti akanipigia analia. Mimi nikampigia fundi aliyetufungia seva. Akasema, "Hiyo ni gemu tu, bosi. Futa akaunti, futa na meseji, watasahau." Hadi leo nikikumbuka alivyojiamini, damu inanichemka. Gemu tu! Aliyekosa usingizi alikuwa mtu, si avata.

Nikafuta. Akaunti, meseji, kaburi, rekodi za seva za wiki mbili nzima. Nilidhani namsitiri. Siku ya nne jamaa karudi kwa jina jipya, matusi yaleyale. Binti akaenda na dada yake polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Askari akauliza maswali ya haki kabisa: maneno yako wapi, yalisemwa saa ngapi, kwa akaunti ipi? Wakanipigia. Sikuwa na kitu. Na kule ndani, wale ambao hawakuwepo wakaanza kusema binti amezua. Ningewaonyesha nini? Yeye ndiye aliyeondoka. Aliyemtukana akabaki anacheza.

Haya yalishatokea zamani. Mwaka 1993, kwenye LambdaMOO, ulimwengu wa mtandaoni wa maandishi matupu ulioanzishwa na Pavel Curtis wa Xerox PARC huko Marekani, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu kuwaonyesha wahusika wa wenzake wakitenda machafu hadharani. Wakazi wakakutana, wakabishana, hawakuafikiana. Msimamizi mmoja akaamua peke yake kumfuta. Akarudi akiitwa Dr. Jest. Tena nyuma ya ile akaunti ya kwanza ikaja kujulikana lilikuwepo kundi la wanafunzi wa bweni moja. Sasa hapo amefutwa nani? Ndipo Curtis akaweka utaratibu wa wakazi kupeleka hoja na kuzipigia kura.

Kwa hiyo nakili kwanza. Rekodi zote za seva, kwenye flashi mbili, bila kuhariri hata herufi. Piga skrinshoti zinazoonyesha tarehe, saa na jina la akaunti. Kama vidole vimeganda kwa baridi la Iringa, ota moto, seva haikimbii. Ukishanakili, ifungie akaunti asiingie tena, lakini usiifute. Halafu mpigie binti, muulize yeye anataka nini, kabla hujaitisha kikao chochote cha wachezaji. Akitaka kushtaki, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa unyanyasaji wa namna hii, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama huangalia ulitunzwaje. Ndiyo maana nasema flashi mbili, na moja akae nayo mtu mwingine unayemwamini.

Ukimaliza kunakili andika hapa. Niko macho.