Nyungu ya mama mkwe

Wiki hii mmeuliza: kujifukiza majani kunatibu mafua, au ni mazoea tu? Mimi nataka kujua kwanza nani kafunikwa blanketi, na sufuria imekaa juu ya nini.

Huku Isevya nyungu, yaani huko kujifukiza, hatukuanza nayo 2020 na korona. Juni ikiingia, baridi ya alfajiri na vumbi, nyumba nzima inaongea puani. Ndipo yanapochumwa majani ya mkaratusi, mpera, mchaichai na kivumbasi.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne, anakoroma kama mzee. Mama mkwe alikuja na furushi lake la majani, akachemsha mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, yapoe kidogo." Akanijibu, "Yakipoa ni chai hiyo, mwanangu." Mkwe hubishani naye, nikarudi kumenya viazi. Sufuria akaiweka kwenye ile stuli yenye mguu mmoja mfupi, ambayo siku zote tunaikingia kipande cha ndala. Siku hiyo kipande hakikuwepo. Sijui nani alikiondoa, na mpaka leo nyumbani kwangu hakuna aliyekiri. Akampakata mtoto, akajifunika naye blanketi la kijivu. Nikamsikia akimhesabia: vuta, moja, toa, mbili. Mtoto akalia giza, akarusha mguu.

Kilichofuata ni mlio wa sufuria sakafuni. Jani la mpera lilikuwa limenata pajani kwake, nami nikaogopa kulibandua. Mama mkwe alikimbilia asali, mimi nikakimbilia mtungi, nikammwagia maji hadi ukaisha. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Paja la mtoto halikuijua nafuu hiyo. Kovu lipo, kama kisahani.

Nilishika kalamu nikitaka niseme nyungu ipigwe marufuku. Mafua ni virusi, na mvuke hauviui. Siku saba, kumi, yanaondoka yenyewe, umejifukiza au hukujifukiza. Lakini nisiwe mnafiki: juzi nilibanwa pua, nikajifukiza, nikalala usingizi ambao sikuupata siku tatu. Mvuke unalainisha makamasi, na harufu ya mkaratusi inakufanya uhisi njia imefunguka. Hiyo ni nafuu, siiiti tiba, ila saa nane za usiku nafuu nayo si haba.

Basi jibu langu ni ndiyo, kwa mtu mzima, sufuria iwe chini sakafuni, maji yawe yametulia, na asiye na pumu. Mtoto, hapana. Hata akipakatwa na bibi yake. Hasa akipakatwa na bibi yake.

Mama mkwe bado anakuja kila Juni. Anajifunika peke yake. Mjukuu, sasa ana miaka tisa, ndiye anayemchumia majani, akishayaweka anakwenda kusimama mlangoni.

Mama wa watatu, Isevya, Tabora