Swali la lugha: Springla zimeota kutu, zimeliwa au zimebabuka?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi bomba, kwetu Lindi ila kwa sasa nipo Dar kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea la ndani. Bosi kanipa karatasi ya ukaguzi wa springla za moto, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea, niiweke Kiswahili vijana waielewe. Rasimu yangu nimekutumia. Niandike zimeota kutu, zimeliwa au zimebabuka? Na stenlesi niiite chuma cha pua?

JIBU: Marahaba fundi, habari za Dar. Huku Mtwara salama, korosho tu ndo gumzo.

Kutu kwanza, maana kila mtu ndo anapokimbilia. Chuma kinaota kutu, kinashika kutu, kinaingia kutu, yote sawa, chagua moja uende nayo mpaka mwisho. Ila "bomba limekula kutu" usiandike japo mtaani tunaongea hivo kila siku, mlaji pale ni kutu, bomba ndo linaliwa. Na "limekula chumvi" ndo kabisa, mtu atajua unamsifia mzee!

Sasa shida ya kutu ni kwamba ukimwambia kijana wa kawaida atafute kutu yeye akilini ana ile nyekundu ya mabati ya Mikindani. Bomba lenyewe la chuma sawa, litampa huo wekundu, lakini kichwa cha springla mara nyingi ni brasi, yaani shaba na zinki, na brasi haitoi kutu nyekundu ile, inafanya ukungu wa kijani au weupeweupe kuzunguka kile kichupa cha kioo kinachopasuka kwa joto ili maji yatoke. Kijana atasimama chini yake, atainua shingo, haoni nyekundu, anatia tiki anaondoka. Kwa hiyo pale kwenye springla andika "imeliwa, au ina ukungu wa kijani au mweupe". Kutu iache kwa bomba.

Kubabuka ni neno zuri ila ulitaka kuliweka sipo. Muulize mama yeyote wa kwetu aliyewahi kubangua korosho kwa mkono, yale mafuta ya ganda yanavyofanya vidole, atakwambia yananibabua. Kinachobabuka ni ngozi, ni kitu cha juujuu, kwa hiyo rangi ya bomba inababuka, chuma chenyewe kinaliwa. Lakini hewa ya humo kwenye ukumbi wa bwawa unaweza kabisa kuiita hewa babuzi, yaani inayokula chuma, na hapo umepatia kuliko kuandika "hewa ya klorini" kama ulivyofanya kwenye ile rasimu uliyonitumia. Ile harufu kali inayochoma macho watu wanadhani klorini imezidi, kumbe ni kloramini, klorini ikishakutana na jasho na mikojo ya waogeleaji (ndiyo, mikojo, tusidanganyane) ndo inazaliwa hiyo, inapanda na mvuke, inaganda darini kwenye chuma baridi, na dari haioshwi na mtu. Ukitaka kuitaja kwa jina, andika "mvuke wa kloramini".

Haya, stenlesi. Hapa ndo nakuomba uwe makini sana. Pua kwa Kiswahili ni stili, stili yoyote ile, hata hii inayoota kutu wiki hii. Wauza sufuria mtandaoni wameshaligeuza "chuma cha pua" kuwa stenlesi na sasa hakuna anayejua unamaanisha ipi. Wengine wanaandika "chuma kisichoshika kutu", nalo silipendi kwa karatasi yako, maana linatoa ahadi ambayo humo ndani haitimii. Mwaka 1985 kule Uster, Uswisi, dari ya zege juu ya bwawa la ndani ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi, vikapasuka, dari ikashuka, wakafa watu 12. Stenlesi kwenye hewa ile inaweza kupata nyufa hata kama kwa nje haijaliwa sana, na vishikizo vinavyobeba mabomba yako viko juu hukohuko. Andika stenlesi tu, kila fundi anaijua, na mbele yake uweke neno "ufa" peke yake, usilifiche ndani ya kutu.

Kuna sehemu umeandika "isafishwe na ipakwe rangi". Hiyo futa, weka "ibadilishwe". Springla iliyoliwa haipigwi msasa wala haipakwi rangi, ile kinga ya nta au ya plastiki ambayo springla zingine huwa nayo inawekwa kiwandani siyo kwa brashi, na rangi ikikaa juu ya kichupa inachelewesha kioo kupasuka, wakati kichupa chekundu kimetengenezwa kipasuke kwenye nyuzi 68 za Selsiasi.

La mwisho dogo: springla inaenda na imeliwa, zikiwa nyingi zimeliwa. "Maspringla yameliwa" waachie vijana waseme wakiwa juu ya ngazi.