Jibu: Serikali na Uchumi wakati wa likizo ya kiangazi

Dada, umeuliza kama kijana wako anayeingia darasa la 12 hapa Texas asome masomo ya Serikali na Uchumi kiangazi hiki, apunguze mzigo wa mwaka wa mwisho. Mimi ningesema Uchumi sawa, Serikali asiharakishe.

Kila somo ni nusu krediti (kipimo cha masomo yanayohesabika ili kuhitimu), yaani muhula mmoja tu. Kiangazi muhula mzima unabanwa ndani ya wiki chache: leo mahitaji na ugavi, kesho kutwa tayari mko kwenye riba na Benki Kuu ya Marekani. Mtoto anayependa hesabu anaweza kwenda nayo. Ila mahudhurio ni kitanzi! Sheria ya Texas inataka ahudhurie asilimia 90 ya siku za somo ndipo apewe krediti. Kama mna harusi Mombasa mwezi Juni, basi sahauni.

Somo la Serikali lina njia yenye faida zaidi. Akilisoma kupitia chuo cha jamii (community college), kozi ya serikali ya shirikisho iitwayo GOVT 2305, anaweza kupata nusu krediti ya sekondari pamoja na krediti 3 za chuo. Vyuo vikuu vya umma hapa vinadai krediti 6 za serikali kwa shahada ya kwanza, kwa hiyo nusu ya deni hilo inakuwa imelipwa. Alama zake lakini zinabaki kwenye rekodi ya chuo, hata akifeli.

Kabla ya kusajili, mshauri wa shule athibitishe kwa maandishi kwamba krediti itapokelewa.